Barua ya wazi kwa Wizara ya Nishati na Wizara ya Maji: msitoe ardhi kwa dizeli ya mwani, toeni bwawa la majitaka

Waheshimiwa Mawaziri, Makatibu Wakuu, EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wakurugenzi wa mamlaka za maji,

Kwa walionizidi umri, shikamooni. Waliobaki nawasalimu kwa heshima ya vyeo vyenu.

Mimi ni mstaafu wa maabara ya majitaka, naishi Kibaha. Kwa miaka 17 kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya bwawa na ndoo na kamba, kuchota maji ya kijani, kuyapima, kuandika daftarini, kisha kurudi nyumbani kwa watoto waliokuwa wakikataa kunipa mkono mpaka nioge. Mwani wa baharini naujua kwa kuuona tu, umefungwa kwenye kamba za akina mama wa Paje na Jambiani. Ninaoujua kwa undani ni huu mdogo wa bwawani, ambao mmoja mmoja hauonekani bila hadubini, lakini ukijumuika kwa mamilioni ndio unaoyapa maji rangi ya mchicha uliosagwa. Huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mjukuu wangu alinionyesha klipu inayozunguka kwenye simu. Kijana mwenye koti jeupe ameshika chupa ya maji ya kijani, anasema ekari ya mwani hutoa mafuta mara thelathini ya ekari ya mibono (jatropha, yenye mbegu za mafuta), na kwamba pwani yetu yenye jua na maji chumvi ingeweza kuendesha magari ya nchi nzima. Siku chache baadaye, kijiweni, nikasikia kuna watu wanaulizia ardhi tambarare karibu na bahari kwa ajili ya "mradi wa dizeli ya mwani". Huenda ni maneno ya kahawa. Lakini kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikishatangaza bei kikomo za mafuta, masikio ya watu huwa wazi kwa habari za namna hiyo, na mtu aliyechoshwa na bei haulizi maswali mengi. Naandika mapema, kabla hati haijachapwa.

Ombi langu liko kwenye kichwa cha barua. Mengine yote ni sababu.

Nianze na haki ya mwani, maana kijana wa klipu hakukosea kila kitu. Mwani hauna mzizi, hauna shina, hauna mti wa kusimamisha. Nguvu yake yote inaingia kwenye kuzaana, na hali ikiwa nzuri unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja. Haudai udongo wenye rutuba. Aina nyingine hustawi kwenye maji chumvi. Zipo aina ambazo zikibanwa hujaza mafuta ndani ya chembe zake hadi nusu ya uzito wake mkavu. Na sisi tuna kitu ambacho Wamarekani walikikosa walipojaribu mabwawa yao kule Roswell, New Mexico: usiku wao ulikuwa baridi mno, mwani ukasinzia. Kwetu joto lipo Januari hadi Desemba.

Sasa chukueni karatasi tupige hesabu pamoja, hesabu ya mtu wa maabara, si ya mwenye hisa.

Bwawa la hekta moja likitunzwa vizuri linaweza kutoa gramu 20 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hicho ni kiwango kizuri, wala si cha ndotoni. Hekta nzima inakupa kilo 200 kwa siku. Tuseme robo yake ni mafuta: kilo 50, yaani lita 55 hivi. Madumu matatu hayajai. Kwa mwaka ni lita elfu ishirini, na hapo mwani unajisifu kwa haki, kwa sababu hekta ya michikichi haifikii hata theluthi ya hizo.

Lakini mwani haupandi juu ukaenguliwa kama mtindi. Umesambaa. Katika lita moja ya maji ya bwawa kuna nusu gramu tu, ukibahatika gramu moja. Kupata zile kilo 200 inabidi upitishe kwenye mitambo lita 400,000 za maji, kila siku. Hayo ni maboza 40 ya lita elfu kumi kwa madumu mawili na ushee ya mafuta. Maji mengi yatarudi bwawani, kweli, lakini pampu haijali kama maji yanakwenda au yanarudi, umeme inakula vilevile. Ukishayachuja unabaki na uji mzito wa kijani ambao bado ni maji kwa sehemu kubwa, na kwa njia iliyozoeleka ya kukamua, uji huo lazima ukaushwe kwanza. Mtaniambia jua la kuanikia lipo. Lipo. Ila mwani mbichi huoza ndani ya saa chache, na kilo 200 kavu ni zaidi ya tani moja ya uji wa kuanika kila siku, masika na kiangazi. Huu si dagaa.

Halafu kuna mbolea, na hapa ndipo klipu zote hunyamaza. Mwani ni protini kwa wingi, na protini ni naitrojeni. Kilo 200 za mwani zinabeba kama kilo 14 za naitrojeni. Ukiinunua kama urea, ni kilo 30 kwa siku kwa hekta moja, zaidi ya mifuko 200 kwa mwaka. Mwambieni hivyo mkulima wa Songea anayepanga foleni ya mbolea ya ruzuku apate mifuko michache ya mahindi yake, mwone uso wake. Na urea yenyewe viwandani hutengenezwa kwa gesi asilia mara nyingi, kwa hiyo unakuwa umechoma gesi ya mtu mwingine ili upate dizeli ya kwako.

Tena hapo juu niliwapendelea. Zile aina zinazojaa mafuta hujaa pale zinaponyimwa naitrojeni. Ukiushibisha mwani, unazaana bila kunenepa. Ukiunyima, unanenepa bila kuzaana. Robo ya mafuta na gramu 20 kwa siku, vyote kwa wakati mmoja kwenye bwawa lililo wazi, ni vigumu kuliko ilivyo kwenye slaidi. Watafiti wamehangaika na fundo hilo tangu wazazi wa kijana wa klipu hawajaoana.

Na bwawa lina wenyewe. Mwaka mmoja, kwenye mabwawa niliyokuwa nikihudumia, nilichota sampuli Ijumaa maji yakiwa kijani hasa, kisahani cheupe cha kupimia hakionekani kina cha kiganja. Jumatatu nikakuta maji yameangaza kama ya kisima. Nikadhani kuna mtu amemwaga dawa. Tukaweka tone chini ya hadubini: viroboto wa maji wamejaa, matumbo yao ya kijani. Wikiendi moja tu walikuwa wamefyeka bwawa zima. Kwetu haikuwa msiba, wiki mbili baadaye mwani ulirudi. Kwa mwenye mkopo wa benki aliyeahidi lita kadhaa kila siku, wiki mbili ni kufilisika. Mbali na viroboto wapo rotifera, vidudu vingine vidogo vinavyokula mwani, wapo kuvu wanaotoboa chembe za mwani, wapo mwani wengine wasio na mafuta wanaoingia na upepo na kuwashinda wale uliowaleta kwenye ndege kwa bei mbaya. Anayesema atafunika bwawa kwa vioo au plastiki ili wasiingie, mwulizeni bei ya plastiki kwa hekta.

Haya si maneno yangu peke yangu. Marekani ilianza programu ya serikali ya kutafuta mafuta ya mwani mwaka 1978, baada ya mshtuko wa bei za mafuta. Wakakusanya aina zaidi ya 3,000, wakachimba mabwawa Roswell, wakatumia takribani dola milioni 25, na mwaka 1996 wakafunga, kwa sababu kila wakipiga hesabu petroli ilikuwa rahisi zaidi. Mwaka 2008 pipa likapanda likapita dola 140, na kila mtu akafukua ripoti za zamani. ExxonMobil, kampuni ambayo haikosi pesa wala wahandisi, ilitangaza mwaka 2009 kwamba iko tayari kutumia hadi dola milioni 600 pamoja na kampuni ya mwanasayansi Craig Venter. Baadaye wakasema ifikapo 2025 watakuwa na uwezo wa kutoa mapipa 10,000 kwa siku. Mapema 2023 ikajulikana kwamba Exxon imejitoa. Solazyme, kampuni ya California, iliuza mafuta ya mwani mpaka kwa jeshi la majini la Marekani, kisha ikahamia kwenye mafuta ya kula na ya kupaka, ikabadili jina, na mwaka 2017 ikafilisika. Hiyo nayo, kwa taarifa yenu, ilikuwa ikiulisha mwani wake sukari gizani ndani ya matangi. Ukitazama vizuri, yale yalikuwa mafuta ya miwa yaliyopitia tumbo la mwani.

Baraza la taifa la utafiti la huko lilikaa mwaka 2012 likapitia kazi zote. Likakuta kwamba lita moja ya mafuta ya mwani, kutegemea njia uliyotumia, inaweza kudai kuanzia lita 3 za maji baridi (yasiyo ya chumvi) hadi lita zaidi ya 3,600. Likasema kwa teknolojia ya wakati ule, kufikisha hata asilimia 5 tu ya mafuta ya vyombo vya usafiri vya Marekani kungedai maji, mbolea na nishati kwa kiasi kisichobebeka. Waliosalia kwenye biashara ya mwani duniani wengi wanauza spirulina (mwani wa kula kama lishe), rangi za chakula na vidonge vya lishe, vitu vinavyopimwa kwa gramu. Kilo ya vitu hivyo inalipa gharama zake. Dizeli inauzwa kwa lita, na bei yake anaipanga mtu wa mbali.

Na sisi wa Mkoa wa Pwani tuna kumbukumbu yetu. Hamhitaji kwenda New Mexico. Kutoka kwangu hadi Kisarawe ni mwendo wa bodaboda. Mwaka 2009 kampuni kutoka Uingereza ilipewa pale hekta zaidi ya 8,000, ardhi ya vijiji 11, kwa miaka 99, ili ipande mibono ya kutengeneza dizeli. Wimbo ulikuwa uleule: mmea huu hautaki maji, hautaki rutuba, unamea kwenye ardhi isiyofaa kwa kitu kingine. Mibono ikamea, ndiyo, na kwenye ardhi dhaifu ikazaa kwa udhaifu wa ardhi. Mwaka 2011 wafanyakazi mamia wakarudishwa nyumbani. Ardhi ilikuwa imeshatoka mikononi mwa vijiji, na iliyotoka hivyo kisheria hairudi yenyewe mradi ukifa. Mwongozo wa nishati ya mimea uliotolewa na wizara mwaka 2010 uliandikwa mibono ikiwa bado shambani. Naomba ufunguliwe upya sasa, mwani ukiwa bado kwenye klipu.

"Ardhi isiyofaa kwa kilimo" ni maneno yanayonitia baridi. Safari hii watasema "tambarare za chumvi". Nani kawaambia hazina watu? Kuna wanaopika na kuanika chumvi Bagamoyo, kuna wanaookota kaa, kuna mikoko ambayo samaki huzalia, na kuna maji yanayopanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Bwawa la maji ya bahari hupoteza kwa jua milimita tano hivi kwa siku, lita 50,000 kwa hekta, na chumvi inabaki. Lazima uyapunguze makali kwa maji baridi au uyamwage na kuvuta mapya. Maji baridi yatatoka wapi, kwenye Ruvu ambayo kila kiangazi tunaigombania na Dar es Salaam?

Nimewavunja moyo vya kutosha. Nije kwenye bwawa.

Kuna mahali katika nchi hii ambapo mwani unakua tayari, bure, bila mwekezaji, bila urea, bila hati mpya ya ardhi: mabwawa ya majitaka. Vingunguti, Mafisa pale Morogoro, Swaswa Dodoma, Mabogini Moshi. Kazi ya mwani pale ni kutoa oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kula uchafu. Mabwawa haya yanapumua. Alfajiri kabla ya jua oksijeni inakaribia sifuri. Saa nane mchana imepita kiasi ambacho maji yanaweza kushika, mapovu yanapanda yenyewe, pH inavuka 9. Nimeviandika vipimo hivyo mara elfu, na sikuchoka kushangaa.

Ubaya ni kwamba mwani ule ukimaliza kazi hatuuvuni. Unatoka na maji kwenye mfereji, unaingia mtoni ukiwa hai, unakufa huko, unaoza na kula oksijeni ya samaki. Kwenye fomu zetu tulikuwa tukiandika "tope elezi juu ya kiwango", yaani chembe zinazoelea majini zimezidi, na tukihojiwa tunasema ni mwani tu. Ni mwani tu, ndiyo, lakini ndani yake mna ile naitrojeni na fosforasi tuliyotakiwa kuiondoa.

Mtu mzima hutoa naitrojeni kama kilo nne au tano kwa mwaka, nyingi ikiwa kwenye mkojo. Ile hekta yetu ya hesabu iliyotaka mifuko 200 ya urea inaweza kulishwa na watu 1,200 hivi waliounganishwa kwenye mtandao wa majitaka. Mbolea yenye kumshinda mwekezaji, kwetu ni kero tunayolipa kuiondoa.

Wazo hili halikuanza na klipu. William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilifanyia kazi tangu miaka ya 1950: bwawa la kina kifupi, sentimita 30 hivi, lenye umbo la kiwanja cha kukimbilia, na gurudumu la kasia linalosukuma maji taratibu yazunguke. Mwani na bakteria wakizungushwa hivyo hushikana mabonge, na mabonge yakitulia huzama, kwa hiyo sehemu kubwa unaivuna kwa kuacha maji yatulie tu. Halafu Oswald hakutaka kukamua mafuta. Alitaka kuuozesha mwani kwenye tangi lisilo na hewa upate gesi. Bayogesi haidai mwani mkavu. Haijali aina gani ya mwani imeingia na upepo. Hata viroboto wa maji wakishakula, nao wanaoza vilevile. Karne hii Wahispania wamelijaribu kwa ukubwa katika mji wa Chiclana de la Frontera, kusini kabisa mwa nchi yao, kwa fedha za Umoja wa Ulaya: majitaka ya mji yakakuza mwani, mwani ukatoa gesi, gesi ikasafishwa na kuendesha magari.

Msitarajie makuu. Hekta moja ya bwawa la namna hiyo, kwa mavuno ya kawaida, itatoa gesi yenye nguvu ya lita 30 hivi za dizeli kwa siku. Hiyo haitagusa bei ya daladala. Itazungusha gurudumu, itasaidia pampu, itapunguza bili ya umeme ambayo mkurugenzi yeyote wa mamlaka ya maji anaijua kwa maumivu. Mwani peke yake una naitrojeni nyingi mno na hukwama ndani ya tangi, lakini ukichanganywa na taka za soko mambo hunyooka, na taka za soko la Mabibo hazijawahi kuisha. Nchi hii ilishathubutu kwenye bayogesi ya mabaki ya mkonge pale Hale, Tanga. Mikono ya kujenga matangi tunayo.

Basi ninachoomba hasa. Mamlaka moja, yenye mabwawa yanayopokea majitaka ya majumbani zaidi kuliko ya viwandani, iruhusiwe kukata sehemu ya bwawa moja na kuwakabidhi vijana wa chuo kikuu kwa miezi isiyopungua 24, masika mawili yakiwa ndani. Nasema ya majumbani kwa sababu metali za viwandani huishia kwenye tope, na mimi nisingependa tope hilo liende kwenye mchicha wa mtu bila kupimwa. Tume ya Sayansi na Teknolojia itoe fedha, na sharti lake liwe kwamba vipimo vya kila siku vinawekwa wazi, vikiwemo vya siku bwawa lilipokufa. EWURA hiyohiyo inayotangaza bei ya petroli ndiyo inayoidhinisha bei za majisafi na majitaka. Ikubali gharama ya jaribio dogo kama hili iwe halali kwenye vitabu vya mamlaka, la sivyo hakuna mkurugenzi atakayethubutu kusaini. Na anayekuja na mradi wa dizeli ya mwani wa mamia ya hekta, Wizara ya Nishati imwombe daftari la hekta moja aliyoiendesha mwaka mzima, popote duniani: alivuna nini, alinunua urea kiasi gani, umeme kiasi gani, siku ngapi bwawa lilikuwa tupu. Asipokuwa nalo, asipewe hata barua ya utambulisho kwenda kijijini.

Mkitaka kuja kuona kabla ya kuamua, nipo. Msije asubuhi na msafara, wakati huo mwani bado umelala na harufu ndiyo kali kuliko saa zote. Njooni saa nane mchana, siku ya jua. Nitaleta ndoo, kamba, na kipimo changu cha oksijeni ambacho bado kinafanya kazi. Viatu vya mpira kila mmoja aje na vyake.

Wenu katika kazi,

Mchota sampuli mstaafu, Kibaha